Seveve Nyuma ya Waya

Chubwi!

Ng'ombe mzito akijitupa ndani ya josho hutoa sauti hiyo moja. Kinafuata kimya kifupi, kichwa kikiwa chini ya dawa, halafu mkoromo anapoibuka upande wa pili akitikisa masikio. Ukimuuliza Nanzala kuhusu ujana wake, hakuambii habari za harusi wala za safari ya kutoka Kimilili. Atakuambia sauti hiyo. Ndiyo iliyomwamsha asubuhi ya kwanza alipoletwa kwa mumewe, na kwa miaka mingi ndiyo iliyomwambia kwamba Mabonga yuko kazini na mambo ni sawa.

Josho lilikuwa shimo refu jembamba la saruji, limejaa maji na dawa ya kupe. Ng'ombe wa shamba zima walipangwa foleni, wakaingia mmoja mmoja. Mabonga alisimama ukingoni na fimbo yenye panda, akizamisha kila kichwa ili kupe wa masikioni nao wafe. Kila ng'ombe alimrushia maji. Alirudi nyumbani shati limemgandia mgongoni, ananuka dawa, na Nanzala aliizoea harufu ile hata akaipenda. Ilikuwa harufu ya mume wake.

Dawa ilipokuwa nzito kwa matope na kinyesi, josho lilichotwa kwa ndoo. Kilichochotwa kilihitaji mahali pa kumwagwa.

"Mwaga hapa chini ya nyumba," Nanzala alimwambia. "Hiyo si ni mbolea tu?"

Mabonga alicheka. "Mwanamke wa Kimilili akiona mavi ya ng'ombe, yeye anaona mboga."

Alimwaga hapo, kwenye mteremko wa kuelekea kijito. Mkebe wa dawa ulikuwa na picha ya fuvu, lakini wao waliielewa picha ile kuwa inamkataza mtu asinywe. Haikusema lolote juu ya matope. Na matope yale yalikuwa meusi, laini, yakashika maji hata wakati wa kiangazi. Nanzala alipanda seveve, yaani majani ya malenge, pamoja na managu, saga na kunde. Vyote viliota kana kwamba vilikuwa vinangoja kuitwa.

Bustani ile ikawa ya watu wote. Kwao Nanzala, mtu hanyimwi mboga. Jirani akikosa cha kulia ugali anaingia, anachuma kiasi cha sufuria yake, anaenda. Tryphosa, rafiki yake wa ploti ya jirani, hata hodi hakupiga. Alikuwa ameinama tayari katikati ya majani ndipo amwite kwa jina la bintiye, "Mama Joy, nimeingia!"

"Nimekuona! Acha kunyofoa kama ng'ombe!"

"Si ng'ombe walikuwa hapa kwanza?"

Miaka ikapita. Shamba la kampuni likagawanywa, likauzwa vipande vipande. Josho likavunjwa, saruji yake ikafukiwa. Nyumba za mtaa wa Kapsoya zikasogea, zikasogea tena, mpaka boda boda zikawa zinapita pale pale ng'ombe walipokuwa wakipanga foleni. Mabonga aliachiwa kijumba cha mfanyakazi na ardhi iliyokizunguka. Hakukaa nacho sana. Mikono ilianza kumtetemeka, ikafuata miguu, mwisho hata kijiko kilimshinda, na Nanzala akawa anamlisha ugali kwa seveve ya hapo chini, kwa sababu ndiyo aliyoipenda. Alizikwa kwao, Kimilili hiyo hiyo. Hakuna daktari aliyetaja josho, na hakuna aliyeuliza.

Joy, binti yao, alikuwa amepanga na mume wake hapo Kapsoya. Kila Jumamosi alibeba mboga za mama yake kwa mfuko. Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ilifika mbali, mpaka wakachagua jina, nayo ikatoka. Nanzala alimshika binti yake kichwa, akakiweka mapajani, akamwambia, "Nyamaza, mama. Mungu ana sababu zake."

Baada ya hapo ndipo Kipyego alipokuja. Alikuwa kijana mrefu wa chuo, mpole, aliyekuwa akizunguka kupima udongo wa majosho ya zamani. Mara ya kwanza alichukua udongo kwenye vikopo akaenda. Mara ya pili aliketi kwenye kigoda, akawekewa chai, asiiguse.

"Mama," alisema, "hii mboga tusikule tena."

"Tusikule mimi na nani?"

"Mtu yeyote."

Alimweleza polepole. Dawa za kupe za siku zile hazikuwa za kuoza. Nyingine zilipigwa marufuku zamani, lakini zikimwagwa ardhini hukaa humo miaka na miaka, zikipanda kwenye mimea na kuingia kwa mwenye kuila.

Nanzala alitazama mikono yake. "Mabonga alijua?"

"Hapana, Mama. Alipewa mkebe na ndoo tu."

Chai ilipoa. Ilipopoa kabisa, Nanzala aliimwaga uani, kisha akasimama akiangalia mahali ilipomwagikia.

Joy alipopata habari kwa Kipyego alihamia Langas, upande mwingine wa mji. Huko ndiko alikomzaa Nasambu, mtoto mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nanzala alikwenda kumwona katika chumba cha kupanga, akamwogesha, akamwimbia. Alipouliza lini ataletwa nyumbani, Joy alijibu akikunja nepi, bila kuinua macho.

"Mtoto wangu hatakanyaga hapo mpaka huo udongo upone."

Tangu siku ile Nanzala hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka udongo upone, Nasambu aje.

Kipyego alisema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchimba udongo wote na kuupeleka mbali, na hakuna ofisi iliyokuwa tayari kubeba mzigo huo. Ya pili ilimfanya Nanzala adhani anataniwa.

"Malenge?"

"Malenge, Mama. Si haya yetu, kuna aina nyingine. Mizizi yake inavuta ile dawa kutoka ardhini, inaipandisha kwenye shina na majani. Halafu kuna vijidudu vinakaa kwenye mizizi, hivyo navyo vinaikatakata kidogo kidogo. Ikishavuta, tunang'oa mmea wote, tunaupeleka kwa tanuri kali, unachomwa. Tunapanda tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ipungue."

"Na hayo malenge hayaliwi."

"Hata jani moja."

Wakapanda. Chini kabisa, kuelekea kijito, wakaotesha ukingo wa nyasi ndefu ili mvua isiteremshe udongo majini. Juu wakazungusha waya. Kipyego alikuja pia na kibao, kimepakwa rangi nyekundu, kimeandikwa kwamba hapo kuna sumu.

Nanzala alikikataa.

"Kibao kama cha transfoma ya stima? Watu watauliza sumu ilitoka wapi. Wataambiwa ni ya josho. Na josho lilikuwa la nani? La Mabonga. Mtu amelala kwake Kimilili, unataka aanze kutajwa na wenye boda boda?"

"Mama, watu wanaweza kuchuma."

"Mimi niko hapa kutwa. Mimi mwenyewe ndio kibao."

Kipyego alibishana naye, akarudi wiki iliyofuata akabishana tena. Mwisho kibao kikabaki nyuma ya mlango wa jikoni, uso wake umegeuzwa ukutani.

Malenge yakashika. Majani yake yalikuwa mapana, yenye vinywele vikali kidogo, na asubuhi maua ya manjano yalifunguka mengi kiasi kwamba wapita njia walipunguza mwendo. Nanzala aliyapalilia, akayamwagilia, akayaondolea wadudu. Yalipofika pale ambapo mwanamke yeyote angechukua kisu na sufuria, yeye alivaa glavu, akayang'oa na mizizi yake, akayasokota ndani ya magunia. Pikapu ya chuo ikaja, ikayabeba. Alibaki amesimama kwenye ardhi tupu, mikono yenye uzoefu wa kulisha watu ikining'inia bila kazi.

Majirani hawakujua chochote zaidi ya waya.

"Mama Joy," Tryphosa aliita siku moja kutoka upande wa pili, "siku hizi mboga yako iko jela? Ilikosa nini?"

"Imeambiwa ikae," Nanzala alisema, akajaribu kucheka.

"Dhamana ni ngapi, nije niitoe?"

"Ni ya watu wa chuo, Tryphosa. Wanafanya mambo yao."

"Watu wa chuo wanakula seveve tangu lini?"

Wakacheka wote wawili, lakini Tryphosa alipokwenda alitazama nyuma mara moja, na mtazamo ule haukuwa na kicheko. Wengine hawakuwa wapole hivyo. Walisema uzee umemfanya Nanzala mchoyo. Walisema anauza. Alisikia yote kwenye bomba la maji na hakujibu. Heri waseme mimi ni mchoyo, aliwaza, kuliko waseme Mabonga alitulisha sumu.

Kipyego alipima tena. "Inashuka, Mama," alisema. "Polepole, lakini inashuka."

"Nitaiona ikiisha?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Tuendelee kupanda."

Halafu Khisa, kaka yake Nanzala, akafariki huko Kimilili. Nanzala alifunga nguo zake kwa leso. Boda boda ilikuwa langoni ikinguruma, na Tryphosa alikuwa amekuja kumsindikiza.

"Nenda salama. Boma nitaangalia mimi."

Neno lilifika mdomoni mwa Nanzala. Aliligusa kwa ulimi. Usichume hayo malenge. Lakini Tryphosa angeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa refu, na mwenye pikipiki alikuwa akisema, "Mama, twende, mvua hiyo." Tena waya ulikuwepo. Tena Tryphosa alikuwa amekaa na waya ule misimu mingi bila kuuvuka.

"Asante," Nanzala akasema, akapanda.

Alirudi matanga yalipokwisha, macho yamevimba, sauti imekauka kwa kulia. Hata kabla hajafungua leso aliona Tryphosa akija na sufuria iliyofunikwa kwa sahani, na ugali juu ya sahani hiyo. Kwao mtu akitoka kuzika hawashi moto siku hiyo. Huletewa.

"Kaa chini," Tryphosa alisema. "Usiongee. Kula kwanza."

Akafunua. Mvuke ukapanda na harufu ambayo Nanzala hakuwa ameisikia nyumbani mwake tangu Kipyego aingie: seveve iliyolazwa kwa maziwa na munyu wa majivu, imepondeka, imekuwa kama siagi.

"Hiyo ni ya wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

Tryphosa akatabasamu kama mtoto aliyefumaniwa. "Ya jela. Nimeitoa bila dhamana. Nilisema, huyu mama ametoka kuzika ndugu yake, atakula sukuma wiki ya kununua na shamba lake limejaa? Watu wa chuo watanisamehe. Ina nyuzi ngumu hiyo, nimeimenya mpaka kucha zikauma. Haya, shika."

Tonge lilikuwa tayari mkononi mwa Nanzala. Hakukumbuka kulikata. Lilikuwa na joto. Mbele yake alikaa mtu pekee ambaye bado alimpenda mtaani, akimngoja ale.

"Wewe umekula?" aliuliza.

"Juzi na jana. Nyingine nilimpelekea mke wa jirani yetu Emmanuel, anayenyonyesha. Seveve inaleta maziwa."

Nanzala aliweka tonge chini. Aliutazama mkono wake, akauona ule wa Mabonga siku kijiko kilipomshinda.

"Tryphosa. Hiyo mboga iko na sumu."

Aliyasema yote. Josho, ndoo, mkebe wenye picha, maneno yake mwenyewe aliyomwambia mumewe, mwaga hapa chini ya nyumba. Vikopo vya Kipyego. Malenge yanayovuta. Kibao kilicho nyuma ya mlango. Mafuta ya maziwa yalianza kuganda juu ya mboga.

"Tangu lini umejua?"

"Kabla Nasambu azaliwe."

"Na mimi nikiulizia kwa waya hapo, nikicheka kama mjinga."

"Nilikuwa naliogopea jina la Mabonga."

"Jina la maiti." Tryphosa aliinuka. "Na ile ya zamani? Ile tulikuwa tunakula hapa, miaka yote ile? Mume wangu Wesonga alikuwa anakula mboga ya hapa tu. Alikuwa ananiambia, nenda kwa Mama Joy, ya sokoni haina ladha. Ini ikamvimba mpaka akashindwa kulala, mpaka tukamzika. Nijibu, Mama Joy. Wesonga wangu ilikuwa hii?"

"Sijui."

"Hujui."

Alitoka bila sufuria yake.

Kesho yake Nanzala alimpigia Kipyego, naye alikuja upesi. Alikwenda kwa Tryphosa, na Nanzala akabaki kwenye ua akisikia. Kijana alisema mboga ya siku mbili haiwezi kumwangusha mtu. Ubaya wa dawa hii ni kujilimbikiza mwilini miaka mingi. Mke wa Emmanuel aendelee kunyonyesha, asile tena hiyo mboga, na yeye mwenyewe atampeleka kliniki. Kuhusu Wesonga alimgeukia Tryphosa.

"Mama, siwezi kukuambia ilikuwa hiyo. Na siwezi kukuambia haikuwa hiyo."

"Basi umekuja kunipa nini?" Tryphosa aliuliza.

Kipyego alimuaga. Aliporudi kwa Nanzala alimkuta amekwisha kukitoa kibao nyuma ya mlango, anakipangusa utando wa buibui kwa ncha ya leso. Walikisimamisha pamoja kando ya barabara, yeye ameshika nguzo, kijana akipiga nyundo. Wenye boda boda walisimama wakasoma kwa sauti. Mmoja aliuliza, "Sumu ilitoka wapi, Mama?" Nanzala akamjibu. Akalitaja josho, akamtaja Mabonga, akajitaja mwenyewe. Ilimuuma alipoanza, na alipomaliza ilikuwa bado inauma.

Sufuria ya Tryphosa aliiosha, akaifunika kifudifudi juu ya rafu. Chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Zamani angekijaza kunde, au managu, vitu vya bustani. Sasa kila alipokitazama alijiuliza atie nini ndani yake ambacho Tryphosa angekubali kula, na sufuria ikabaki pale. Wakikutana njiani Tryphosa alisema, "Mama Joy," naye akasema, "Tryphosa," na hapo salamu ikaisha.

Lakini Tryphosa alikuwa amempigia Joy simu siku ile ile, kwa hasira, akamwambia mama yako ametulisha sumu na kutunyamazia. Ndiyo maana Jumamosi moja alasiri, bila kutoa habari, Joy alisimama langoni, Nasambu mgongoni.

Alikisoma kibao mpaka mwisho kabla ya kuingia. Nanzala alitoka mbio, akasimama ghafla katikati ya ua, hajui kama anaruhusiwa kusogea.

"Umemwambia Tryphosa," Joy alisema. "Mimi hujawahi kuniambia."

"Nikuambie nini, mama? Wewe ulisikia kwa Kipyego."

"Nilisikia kwa Kipyego. Kwako nilisikia Mungu ana sababu zake." Sauti yake haikupanda. "Nilikaa nikimuuliza Mungu nilimkosea nini. Watoto wawili. Na hata ulipojua, hukurudi kuniambia labda haikuwa Mungu."

"Sijui kama haikuwa, Joy."

"Hata hiyo ungesema. Kwamba hujui."

Nanzala alikaa kwenye ngazi ya mlango. Joy naye, baada ya muda, akaketi kando yake, si karibu sana. Alifungua leso akamshusha mtoto.

"Hatutalala," alisema. "Ninamwonyesha tu."

Walikaa hivyo, wakitazama upande mmoja. Nasambu alisimama juu ya ardhi ya nyumbani kwa mara ya kwanza, akajitikisa, akatazama huku na huku. Huko chini ya nyumba kulikuwa na manjano mengi. Alitembea kwa haraka ile ya watoto, na kabla Joy hajainuka Nanzala alikuwa ameshafika, umri wake ameusahau. Mtoto alikuwa amepitisha mkono kati ya nyaya, vidole vimelifikia ua moja lililo wazi kabisa, lenye nyuki ndani.

Nanzala alipiga magoti. Aliushika mkono ule mdogo, akautoa polepole pasipo kuukwaruza, akaukunja ndani ya viganja vyake. Uso wa mtoto ulikuwa karibu naye, ukijiandaa kulia. Nyuma yao Joy alikuwa amesimama, anasikiliza.

"Usichume, mama," Nanzala alimwambia, kwa sauti ndogo ambayo hata nyuki aliishinda. "Hii inakula sumu, ndio wewe usikule."